Siku nyepesi katikati ya safari ndefu ya baiskeli: tukae kabisa au tusogee kidogo?

Gurudumu la Nyuma anauliza:

Ndugu wasafiri, salaam. Mimi na rafiki yangu tunajiandaa kwa safari ya baiskeli itakayochukua majuma kadhaa, kila mmoja akibeba mizigo yake mwenyewe: hema, mavazi, jiko dogo, vipuri na maji. Tumekwisha kusafiri pamoja kwa safari fupifupi, na kuna jambo moja linalojirudia kila mara ambalo ningependa tulimalize kabla hatujaondoka. Tunapopanga siku nyepesi, yaani siku ya kuendesha kidogo ili mwili upate nafuu baada ya siku kadhaa za kazi nzito, siku hiyo haibaki nyepesi. Tunaanza kwa mwendo wa mazungumzo, tukiwa sambamba pale barabara inapokuwa tupu. Baada ya muda naona gurudumu lake la mbele limetangulia langu kwa kiasi cha shubiri moja. Nikinyonga kidogo ili tulingane, naye anasogea shubiri nyingine. Hafanyi hivyo kwa makusudi, maana nikimwambia anashangaa kwelikweli na kupunguza mwendo, lakini kabla ya kilomita 2 kwisha tumerudi palepale. Jioni hesabu inaonyesha kwamba tumekwenda nusu ya umbali wa kawaida, ila miguu yangu inasema vingine.

Rafiki yangu amenizidi nguvu, na anaamini kwamba kukaa siku nzima bila kupanda baiskeli hugandisha miguu, kwa hiyo siku nyepesi kwake ni lazima iwe na kilomita. Mimi naona afadhali tukae kabisa, tulale mchana, tusome, tuandike barua. Tumebishana sana juu ya hili, kwa amani, lakini bila kufikia mwafaka.

Naomba msaada katika mambo matatu. Je, kuendesha kidogo kuna faida ya kweli kuliko kukaa? Ikiwa tutaendesha, iwe kwa kiasi gani na kwa mwendo gani? Na watu wawili wenye nguvu zisizolingana wafanyeje ili siku hiyo iwe nyepesi kwa wote wawili, si kwa mmoja wao tu?

Mnyonga Pedali anajibu:

Ndugu Gurudumu la Nyuma, nianze na hoja ya rafiki yako, kwa sababu hajakosea kabisa. Katika mashindano ya majuma 3 kama Tour de France, ambamo siku 2 hutengwa kwa ajili ya mapumziko, waendeshaji wengi hawashindi vitandani siku hizo. Hutoka na baiskeli kwa saa 1 au 2 kwa mwendo wa upole, kisha hurudi kula na kulala. Hata hivyo, asijilinganishe nao bila kutazama hali zao: hawabebi hema, wana watu wa kuwafulia, kuwapikia na kuwakanda misuli. Tena Tour ya kwanza, ya mwaka 1903, ilikuwa na hatua 6 tu zilizotawanywa kati ya tarehe 1 na tarehe 19 Julai, ya kwanza ikiwa ya kilomita 467 kutoka Paris hadi Lyon, na baina ya hatua na hatua waendeshaji walipata muda mrefu wa kupumzika. Historia basi inawapa ninyi wawili ushahidi wa kutosha wa kuendelea kubishana.

Kuhusu miguu kuganda, maelezo yanayosikika mara nyingi ni kwamba mwendo mwepesi huondoa asidi ya laktiki iliyobaki misulini tangu jana. Maelezo hayo si sahihi, kwa kuwa lakteti, yaani umbo la asidi hiyo mwilini, inayoongezeka damuni wakati wa kazi nzito hurudi katika kiwango chake cha kawaida ndani ya saa 1 hivi baada ya kazi hiyo kukoma, hata kwa mtu aliyekaa tu. Ikifika asubuhi ya pili hakuna kilichobaki cha kuondoa. Faida iliyopo ni ya kawaida zaidi: damu inazunguka, viungo vilivyokakamaa usiku vinalegea, hamu ya kula inarudi, na mtu anajihisi yumo safarini bado. Faida hizo zinapatikana katika saa 1 ya kuendesha, wala hazihitaji kilomita nyingi. Vilevile kukaa siku 1 hakumpunguzii mtu uwezo wake hata kidogo. Kwa hiyo, kwa swali lako la kwanza, kusogea kidogo ni kuzuri lakini si dawa, na asiyejisikia asisukumwe.

Swali la mwendo ndilo lenye uzito. Nguvu inayohitajika kuishinda hewa hupanda kwa kipeo cha tatu cha mwendo wako, maana yake ni kwamba mabadiliko madogo ya mwendo yana athari kubwa mno kwa miguu. Ukipunguza kutoka kilomita 25 kwa saa hadi kilomita 20, nguvu unayoitumia dhidi ya hewa inashuka hadi karibu nusu. Safari ya kilomita 40 itachukua saa 2 kamili badala ya saa 1 na dakika 36. Umeongeza dakika 24, na katika siku ambayo hamna pa kuwahi, dakika 24 ni kitu gani? Sasa geuza hesabu hiyo uone ile shubiri ya rafiki yako inafanya nini. Kila anaposogea nawe ukamfuata, mwendo unapanda kidogo, na gharama yake inapanda mara tatu ya hapo kwa asilimia. Mwenye nguvu nyingi halioni ongezeko hilo, kwa kuwa bado yuko mbali na kikomo chake. Wewe unaliona.

Kipimo changu ni mazungumzo. Yule mwenye nguvu kidogo aweze kusimulia kisa kirefu, chenye mwanzo na mwisho, bila kuikata sentensi ili avute pumzi. Tazama nimesema yule mwenye nguvu kidogo: ikiwa rafiki yako ndiye anayesimulia na wewe unaitikia "ehe" tu, mwendo umeshazidi. Mwenye kifaa cha kupima mapigo ya moyo anaweza kubaki kati ya asilimia 60 na 65 ya kiwango chake cha juu kabisa, lakini mimi nauamini mdomo kuliko kifaa, kwa sababu joto na ukosefu wa maji hupandisha mapigo hata mtu asipoongeza bidii.

Mlima ni habari nyingine, na hapo ndipo siku nyepesi nyingi huharibikia. Kwenye tambarare unaweza kupunguza nguvu kadiri upendavyo, lakini kwenye mpando kuna mwendo wa chini kabisa ambao ukipungua zaidi baiskeli inayumba na kuanguka. Chukua mfano wa mtu, baiskeli na mizigo yenye uzito wa kilo 110 kwa jumla, kwenye mpando wa asilimia 8: hata akienda kilomita 6 tu kwa saa, anahitaji zaidi ya wati 140 kuupandisha uzito huo peke yake, kabla ya kuhesabu msuguano wa tairi. Mtu huyohuyo akiwa kwenye lami tambarare isiyo na upepo, kwa kilomita 18 kwa saa, anatumia karibu nusu ya hizo. Ndiyo kusema mpando hauna gia ya mapumziko. Mkipanga siku nyepesi, tazameni kwanza jumla ya mita za kupanda, ndipo mtazame kilomita. Kilomita 50 za tambarare ni nyepesi kuliko kilomita 20 zenye mpando mmoja mkali, na mpando usioepukika mnaweza kuupanda kwa miguu mkisukuma baiskeli bila aibu yoyote.

Fundi wa Njiani anajibu:

Mwenzangu amezungumzia miguu. Mimi nizungumzie chuma, kwa sababu siku nyepesi ndiyo siku pekee ambayo baiskeli nayo hupata mtu wa kuitazama kwenye mwanga mzuri.

Anzeni na mnyororo. Ufuteni kwa kitambaa kikavu hadi kitambaa kiache kuchukua uchafu mweusi, kisha mtie tone moja la mafuta juu ya kila kiungo, mzungushe pedali kinyumenyume, muuache mnyororo kwa muda, halafu mfute mafuta yote yaliyobaki nje. Hatua hii ya mwisho watu wengi huiruka, na mafuta yaliyobaki nje ndiyo yanayokusanya vumbi na kugeuka kuwa msasa. Mkiwa na rula, pimeni jozi 12 za pingili kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini: mnyororo mpya ni milimita 304.8, na ukifika milimita 306.3 hivi umeshalika kwa asilimia 0.5. Kwa safari ya majuma kadhaa ningeubadilisha hapo, kabla haujaanza kuyala meno ya gia, ambayo ni ghali zaidi na ni magumu zaidi kuyapata njiani.

Baada ya hapo, zungusheni tairi polepole mkiwa mmelisogeza karibu na macho, hasa la nyuma, ambalo hubeba uzito mwingi na kulika upesi. Mtaona vipande vidogo vya vioo vilivyojichimbia katika mpira, vingine vikiwa havijafika ndani bado. Kipande cha namna hiyo hakitoboi siku ya kwanza. Kinasukumwa ndani kidogo kidogo kwa kila mzunguko, na pancha inakuja baada ya siku kadhaa, mahali pasipo na kioo hata kimoja, nanyi mnabaki kushangaa. Kichokoeni kwa ncha ya kisu. Kisha shikeni spoki mbili mbili na kuzibana kwa vidole mkizunguka gurudumu lote. Iliyolegea au iliyokatika mtaihisi mara moja. Mwisho kazeni skrubu za keria, ambazo kwa kawaida zinahitaji ufunguo wa pembe sita wa milimita 4, kwa kuwa mtikisiko wa barabara huzilegeza bila kelele.

Lakini nina onyo. Kazi hizi, pamoja na kufua, kushona, kupanga mifuko na kuchaji vifaa, zina tabia ya kutanuka mpaka zikaimeza siku nzima, na jioni mnagundua kwamba mmeinama tangu asubuhi. Zifanyeni mara moja mfikapo, nyote wawili kwa pamoja, kwa muda wa saa 1, kisha mfunge mfuko wa vifaa na asiufungue mtu tena. Na kama rafiki yako ana nguvu zinazomsumbua, mpeni minyororo yote miwili. Mtu aliyechuchumaa na kitambaa chenye mafuta mkononi hana namna ya kumtangulia mwenzake kwa shubiri.

Polepole anajibu:

Nimesoma majibu yote mawili na ninakubaliana na mengi, ila natofautiana na ndugu Mnyonga Pedali katika jambo moja ambalo naona ndilo kiini cha ugomvi wenu. Yeye amehesabu kazi ya miguu peke yake. Katika safari ya kubeba mizigo, siku haichoshi kwa kuendesha tu. Kuna kukunja hema lenye umande, kubana mavazi ndani ya mifuko, kufunga mifuko kwenye keria, kutafuta maji, kutafuta pa kulala, kukagua ardhi kama imenyooka, kusimamisha hema upya, kufungua kila kitu tena. Kazi hiyo ni ileile mkienda kilomita 30 au kilomita 90. Siku fupi ya kuhama inapunguza uendeshaji kwa theluthi mbili, lakini haipungui hata kidogo upande wa kufunga na kufungua, na ndiyo maana mtu anaweza kuendesha saa 2 tu na bado akafika jioni akiwa amechoka asijue kwa nini.

Kwa hiyo pendekezo langu si kukaa wala kuhama. Laleni usiku 2 mahali pamoja, hema lisikunjwe, mizigo ibaki ilipo. Rafiki yako akitaka kilomita zake, na atoke asubuhi na baiskeli tupu kwa saa 1 au zaidi, peke yake, kwa mwendo wowote autakao. Baiskeli iliyopunguziwa kilo 15 au 20 ni raha ambayo ataisubiri. Wewe unalala. Ukiamka na hamu, unamfuata kwa safari fupi ya alasiri, nawe ndiwe unayechagua njia. Kila mmoja atakuwa amepata siku yake, wala hakuna aliyemwekea mwenzake kizuizi.

Saa hizo za kutokuwa pamoja zina thamani nyingine ambayo watu wanaona haya kuitaja. Marafiki wawili wanaosafiri kwa baiskeli huonana asubuhi, mchana na usiku, hula pamoja, hulala hatua chache kutoka kwa mwenzake, na kila uamuzi mdogo, tusimame hapa au pale, tujaze maji sasa au baadaye, unapitia kwa watu wawili. Hata mapenzi ya kindugu yanachoka kwa mwendo huo. Kumwacha rafiki aende zake nusu siku si dalili ya ugomvi, na mkiliweka jambo hilo wazi kabla ya safari, hakuna atakayelitafsiri vibaya litakapotokea.

Sasa kuhusu shubiri. Kumwambia "punguza" hakusaidii, kwa sababu hajui kwamba ameongeza. Dawa ni mpangilio. Siku nyepesi mkihama, wewe uende mbele na yeye abaki nyuma yako, siku nzima, hata barabara ikiwa pana. Siku nzito ni kinyume chake: mwenye nguvu hutangulia kukata upepo, na anayefuata karibu nyuma yake anapunguziwa sehemu kubwa ya kazi ya hewa. Kwa mwendo wa polepole faida hiyo hupungua, kwa hiyo hupotezi kitu cha maana kwa kutangulia, na unapata usukani wa siku. Akilalamika kwamba anachoka kwa kwenda polepole, mwambie ahamishe hema na jiko kutoka kwenye baiskeli yako kwenda kwenye yake. Mimi huona hilo ni haki hata siku za kawaida. Mizigo ya pamoja haina sababu ya kugawanywa sawa kati ya watu wasio sawa.

Jambo la mwisho ni kujua siku ambayo hakuna kuendesha hata kidogo. Mtu akiamka na mapigo ya moyo yaliyopanda wazi kuliko kawaida yake ya asubuhi, akawa amelala vibaya, hana hamu ya chakula na kila neno linamuudhi, huyo anahitaji kukaa. Homa ni marufuku kabisa. Maumivu ya goti nayo hayatibiwi kwa "kunyonga taratibu" mpaka sababu ijulikane: yakiwa upande wa mbele wa goti, mara nyingi kiti kimeshuka mno, yakiwa nyuma ya goti, huenda kimepanda mno. Kidole cha mwisho na cha pete vikifa ganzi ni mshipa wa fahamu uliobanwa kiganjani na usukani, na tiba yake ya kwanza ni kuuachia usukani huo. Katika hali hizo, anayeumwa ndiye mwenye neno la mwisho, wala asidaiwe ushahidi.

Gurudumu la Nyuma anaandika tena:

Nawashukuru nyote kwa dhati. Wazo la kulala usiku 2 mahali pamoja hatukuwahi kulifikiria, kwa sababu sote wawili tulidhani kwamba tuna njia mbili tu. Nimemsomea rafiki yangu majibu haya, naye amelikubali pendekezo hilo haraka kuliko nilivyotarajia, nadhani kwa sababu ya zile kilo 20. Habari ya minyororo miwili ameipokea kwa kimya.

Yamebaki mambo mawili. La kwanza ni chakula: siku nyepesi yeye hula kidogo sana, akisema kwamba hajafanya kazi ya kustahili kula, na kesho yake saa za asubuhi huwa mkali bila sababu. La pili, siku hizi zipangwe mapema kwenye ratiba, kwa mfano kila baada ya siku kadhaa, au tusubiri mpaka mwili uombe?

Mnyonga Pedali anajibu:

Kwanza niseme kwamba ndugu Polepole ameniweka sawa juu ya kazi ya kufunga na kufungua mizigo. Hoja yake inasimama, na kwa watu wanaobeba hema naifuata.

Kuhusu chakula, mweleze rafiki yako kwamba siku nyepesi ndiyo siku ya kulipa deni la siku zilizopita. Misuli na ini huhifadhi wanga katika umbo la glaikojeni, kwa mtu mzima karibu gramu 400 misulini na gramu 100 ini, na siku kadhaa mfululizo za kuendesha kwa saa nyingi huipunguza hazina hiyo kuliko mlo wa jioni mmoja unavyoweza kuirudisha. Kuijaza kikamilifu huhitaji karibu saa 24 za kula wanga wa kutosha. Akila kidogo siku hiyo kwa sababu hajatoka jasho, anaianza siku inayofuata na hazina nusu, na ukali wake wa asubuhi ni njaa iliyovaa joho la tabia. Ale kila mlo kamili, aongeze protini kwa ajili ya misuli, anywe maji mpaka mkojo uwe na rangi hafifu, na asingoje kusikia njaa, kwa kuwa baada ya kazi nzito na joto njaa huchelewa kufika.

Kuhusu ratiba, wasafiri wengi hupumzika siku 1 katika kila siku 5 hadi 7, na huo ni mwanzo mzuri wa kupanga. Tatizo la kusubiri mpaka mwili uombe ni kwamba miili miwili haiombi siku moja. Wa kwanza kuchoka atajiona mzigo kwa mwenzake, atanyamaza, na ombi litakuja likiwa limechelewa. Siku ikiwa imeandikwa kwenye ratiba, hakuna anayelazimika kuiomba. Ila msiifunge kwenye tarehe. Ifungeni kwenye mahali: penye maji, penye kivuli, na penye kitu cha kumfanya mtu atake kubaki. Siku ikaribiapo, isogezeni mbele au nyuma kwa siku 1 ili mpafikie mahali hapo. Mimi hupendelea iwe kabla ya milima kuliko baada yake, jambo ambalo wengine hulipinga, lakini naona mtu aliyepumzika akiwa chini huupanda mlima kwa furaha, na mteremko wa upande wa pili ni mapumziko ya aina yake.

Na mkilazimika kuhama siku hiyo, msichelewe kuondoka kwa kisingizio kwamba siku ni fupi. Upepo juu ya nchi kavu kwa kawaida huzidi nguvu jinsi jua linavyoipasha ardhi joto, hivyo kilomita 30 za asubuhi na kilomita 30 za alasiri si kazi moja. Ondokeni mapema, fikeni kabla ya adhuhuri, na mchana wote uwe wenu.

Fundi wa Njiani anajibu:

Nyongeza ndogo, kwa kuwa hakuna aliyeigusa ngozi. Kaptura za kuendeshea zifuliwe mara tu mnapofika au mara tu mnapoamka siku ya kukaa, zikamuliwe ndani ya taulo lililoviringishwa, kisha zigeuzwe nje ndani ili sifongo lake lielekee jua. Sifongo hilo hukauka baada ya nguo nyingine zote, na kaptura inayoonekana kavu kwa nje huwa bado ina unyevu pale panapokutana na kiti. Kuivaa ikiwa hivyo, pamoja na jasho la jana, ndiko kunakoleta vidonda vya makalio, na kidonda kimoja cha namna hiyo kinaweza kuzigeuza siku 3 nzito kuwa nyepesi kwa lazima. Rafiki yako abebe mbili. Akiamua kutoka na ile baiskeli tupu wakati moja iko kambani, asije akaazima yako.